Soko zuri, mauzo hayafiki

Hapa kampasi watu wanashangilia Sharetribe, programu ya Finland ya kujengea masoko ya mtandaoni. Eti toleo jipya la 2023 unaanza bila kuandika msimbo, baadaye ukitaka unaongeza wako.

Poa. Ila malipo yake ya ndani yanapita Stripe, na Stripe haimfungulii akaunti muuzaji wa Tanzania. Sasa mama wa dagaa pale Kamanga alipweje, kwa rangi za kurasa? Wakati M-Pesa tunayo tangu 2008!

Jamani, kila toleo jipya tuulize kwanza pesa inamfikiaje muuzaji. Na sisi tunaosoma kompyuta, hicho kipande cha M-Pesa tukiandike wenyewe. Nawakilisha. Feri inapiga honi, nawahi.