Modemu iulizwe kwanza, ndipo ihukumiwe

Mafundi wengi wa kompyuta siku hizi wana dawa moja kwa kila ugonjwa: toa, weka nyingine. Kifaa kizima kinatupwa, mteja analipa, na baada ya wiki tatizo linarudi palepale. Wangepitia shule ya modemu za simu ya mezani, wasingekuwa na haraka hiyo.

Chukua kompyuta ya katikati ya miaka ya 1990. Maus imechomekwa kwenye bandari ya COM1, kadi ya modemu imepangwa bandari ya COM3. Kila kimoja kikiwa peke yake kinafanya kazi vizuri. Mwenye kompyuta akipiga simu ya intaneti, maus inaganda. Hapo hakuna kilichoharibika: COM1 na COM3 kwa kawaida huiita prosesa kwa njia moja, IRQ 4, na COM2 na COM4 hugawana IRQ 3. Ukinunua modemu mpya ukaipanga COM3 ileile, umenunua ugomvi uleule. Tiba ni kuhamisha jampa, kile kifuniko kidogo cha plastiki kwenye pini za kadi, ili modemu iende COM2, na kuizima COM2 ya ubao mama kwenye BIOS.

Tena modemu ilikuwa inajieleza. Fundi alifungua programu ya HyperTerminal, akaandika AT, akabonyeza Enter. Ikijibu OK, basi kadi inasikia, na msako unahamia kwenye waya. Lugha hiyo ya amri ilianza na Hayes Smartmodem ya mwaka 1981, na watengenezaji wengine wakaifuata. Ikisema NO DIALTONE, yaani haisikii mlio wa laini, unachomeka simu ya kawaida kwenye soketi ileile na kusikiliza. Mlio ukiwepo, huenda modemu ilitengenezwa kwa mlio wa nchi nyingine. Amri ya ATX3 huiambia ipige bila kuusubiri.

Hata OK haimalizi kesi. Radi ikipita kwenye waya wa simu inaweza kuunguza upande wa laini tu, modemu ikaendelea kujibu kama kawaida. Na zile zilizoitwa Winmodem ziliiachia prosesa na draiva ya Windows sehemu kubwa ya kazi. Ukiziweka kwenye kompyuta ya Linux isiyo na draiva zake zinanyamaza, ingawa ni nzima.

AOL ya Marekani ilifunga huduma yake ya intaneti ya kupiga simu tarehe 30 Septemba 2025, na wapo watakaosema ujuzi huu sasa uzikwe. Hapana. Ruta na kadi za mtandao za leo nazo zinahukumiwa bila kupimwa, kila siku. Vyuo vya ufundi vibakize walau kompyuta moja ya zamani karakanani, mwalimu aiharibu makusudi, wanafunzi watafute kosa bila kununua kitu. Nawe mteja, kabla ya kulipia kifaa kipya, mwombe fundi akuonyeshe alivyokipima kile cha zamani.