Wakimbizi wa Bukavu: Sheria ya kuwapokea ipo, kinachokosekana ni njia na fedha

Waasi wa M23 walipoingia katikati ya Bukavu tarehe 16 Februari 2025, wakazi waliotaka kuondoka walikuwa na njia chache. Uwanja wa ndege wa Kavumu ulikuwa umetekwa siku mbili kabla. Daraja la Ruzizi liko karibu na mji, lakini linaelekea Rwanda, nchi ambayo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema inawaunga mkono waasi hao, madai ambayo Kigali inayakanusha.

Wengi walishika barabara ya kusini kupitia Kamanyola hadi bonde la Ruzizi. Kutoka huko walivuka mto kuingia Cibitoke, nchini Burundi, wengine kwa kuogelea, na maelfu wakalala katika uwanja wa michezo wa Rugombo. Katika wiki chache, Burundi ilipokea Wakongomani zaidi ya 70,000. Desemba 2025, baada ya mji wa Uvira kutekwa, makumi ya maelfu wengine walivuka.

Mara nyingi hali yao hulinganishwa na ya raia wa Ukraine, waliofunguliwa milango ya Ulaya mwaka 2022. Hata hivyo, tofauti kati ya makundi haya mawili haiko pale ambapo wengi wanaidhani.

Ulaya: hifadhi ya muda

Tarehe 4 Machi 2022, siku nane baada ya Urusi kuanza uvamizi wake, Umoja wa Ulaya ulianza kutumia sheria ya hifadhi ya muda iliyopitishwa mwaka 2001 na ambayo ilikuwa haijawahi kutumika. Raia wa Ukraine hakulazimika kueleza kisa chake mbele ya afisa. Ilitosha kuonyesha kwamba alikuwa akiishi Ukraine kabla ya tarehe 24 Februari 2022. Alipewa kibali cha kuishi, haki ya kufanya kazi, matibabu, na shule kwa watoto wake. Zaidi ya watu milioni 4 wamenufaika, na muda umeongezwa hadi Machi 2027.

Sheria hiyo haikuwafikia wote waliokimbia vita hivyo. Wanafunzi Waafrika waliokuwa Ukraine kwa vibali vya muda mfupi hawakuingizwa moja kwa moja, kwa hoja kwamba wangeweza kurudi kwao salama. Kwa mtu wa Kivu, hoja hiyo ni ngumu kuielewa.

Afrika: sheria pana zaidi

Afrika ilitangulia. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unamtambua kuwa mkimbizi hata mtu aliyekimbia uvamizi, ukaliaji wa kigeni au machafuko makubwa, bila kumtaka athibitishe kwamba yeye binafsi alikuwa akisakwa. Kwa msingi huo, Burundi iliwatambua Wakongomani hao kuwa wakimbizi kwa kundi zima. Uganda nayo imekuwa ikiwapokea Wakongomani kwa utaratibu kama huo.

Kwa hiyo, kisheria, aliyetoka Bukavu na kufika Cibitoke ana hadhi ya ukimbizi kamili, si ya muda tu. Tofauti inaanza baada ya kuandikishwa. Mpango wa Ulaya ulimruhusu Muukraine kuchagua nchi ya kwenda na kutafuta kazi mara moja. Mkongomani aliyeingia Burundi alipelekwa kwenye eneo la Musenyi, huko Rutana, mbali na mpaka, wakati Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, likipunguza mgao kwa ukosefu wa fedha. Tanzania inawataka wakimbizi wakae kambini, kama Nyarugusu mkoani Kigoma. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2006, inawaruhusu kufanya kazi na kutembea.

Mlango wa mbali

Tofauti ya pili ni ya safari. Tangu mwaka 2017, Muukraine mwenye pasipoti ya kibayometriki anaingia nchi nyingi za Ulaya bila viza. Mkongomani anahitaji viza, na akifika bila hiyo huomba hifadhi peke yake, kwa mahojiano yanayoweza kusubiriwa miezi mingi. Njia nyingine ilikuwa kuhamishiwa Marekani, ambako Wakongomani walikuwa kundi kubwa zaidi la wakimbizi waliopokewa mwaka 2024. Mpango huo ulisimamishwa Januari 2025, mwezi ambao Goma ilitekwa.

Kwa familia iliyotoka Bukavu, basi, kuandikishwa katika nchi ya kwanza kunabaki kuwa hatua muhimu kuliko zote, kwa kuwa asiyeandikishwa hana mgao wala kinga ya uhakika dhidi ya kurudishwa. Mzigo unaobaki ni wa Burundi, moja ya nchi maskini zaidi duniani. Mkataba ule ule wa 1969 unairuhusu nchi iliyoelemewa kuziomba nchi nyingine za Afrika zipokee sehemu ya wakimbizi. Huko Ulaya, Waukraine walitawanyika katika nchi nyingi kwa kuchagua wenyewe. Kanda ya Maziwa Makuu bado haijagawana Wakongomani kwa mpango wa pamoja, na jirani anayefikika kwa miguu ndiye anayebeba sehemu kubwa.