Ngonjera siyo salamu za mgeni rasmi

Haya wadau, leo siongelei bumu wala mitihani. Leo nina ugomvi na ngonjera.

Nenda mahafali ya darasa la saba huku Kunduchi. Watoto wamepangwa mstari, mikono inapanda na kushuka pamoja: mgeni rasmi karibu, hatuna madawati. Kila neno kaandika mwalimu. Watu wanatuza, basi. Jamani, hiyo ni risala yenye vina!

Ngonjera ni majibizano. Huyu anasema, yule anapinga, wanavutana mpaka wakubaliane. Aliyeianzisha, Mathias Mnyampala (1917–1969), alikuwa Mgogo wa Dodoma, tena Mkristo, aliyeingia kwenye ushairi uliolelewa na Waislamu wa pwani na kuuongezea aina mpya. Ngonjera yenyewe imezaliwa na mchanganyiko.

Sasa darasa moja la huku lina mtoto wa mvuvi, wa mponda kokoto, wa ofisa. Mzaramo, Mchaga, Mkurya. Anayefunga Ramadhani na anayesubiri kipaimara. Kutwa wanataniana makabila, na mengine yanauma. Kwa nini wasiyatungie ngonjera wenyewe? Mtoto wa mvuvi aseme ya mponda kokoto, na yule aseme ya mvuvi. Huwezi kumtungia mwenzako beti za kumtetea kabla hujamuuliza anaishije.

Kuchora nako ni hivyo hivyo. Darasa zima linanakili twiga yule yule wa ubaoni, wakati magofu ya Kunduchi yapo hapo hapo: makaburi ya Waswahili wa zamani, ya matumbawe na chokaa, yaliyopambwa kwa mabakuli ya Kichina. Wapelekeni wakachore, wajiulize bakuli la China lilifikaje kwenye kaburi la Kunduchi. Watajua wenyewe kwamba kuchanganyika hapa hakukuanza jana.

Najua mtasema ngonjera tangu zamani zilieneza siasa, Azimio la Arusha la 1967 na Ujamaa. Kweli, na mshindi alijulikana kabla ya kuanza. Lakini angalau mpinzani alipewa beti zake! Hizi za leo hazina hata mpinzani. Mtoto aliyezoea kuitikia kwa sauti moja, siku akikutana na asiyefanana naye atamjibu nini zaidi ya kumzomea?

Nyie wa ualimu mtakaokwenda mazoezini: msiwaandikie watoto. Wapeni kalamu, wapeni rangi, mkae pembeni.

Naomba kutoa hoja. Anayepinga na aje, ila aje na beti.