Hoho Ikuzwe Hata Kwenye Ndoo

Sisi wakazi wa Kinoo tunanunua pilipili hoho sokoni kana kwamba udongo mwekundu wa Kikuyu umetuhama. Ni kweli kwamba mashamba mengi yamemezwa na maghorofa ya kupangisha. Hata hivyo, mche wa hoho hutosheka na ndoo kuukuu iliyotobolewa chini, samadi na jua.

Ninawahimiza walimu waufanye mmea huu kuwa somo. Aina ya California Wonder huanza kuvunwa miezi miwili na nusu hadi mitatu baada ya kupandikizwa, yaani karibu muhula mmoja. Ikipandwa jirani na pilipili kali, tunda lake halitawasha. Mbegu zake ndizo zinazoweza kuleta ukali msimu ujao, maana nyuki huchanganya chavua. Ni mwanafunzi gani atakayesahau somo la urithi akishalionja ulimini?

Hata mwalimu wa Kiswahili ana lake hapa. Katika kamusi za zamani, hoho ilikuwa ndiyo pilipili nyekundu iwashayo. Ukali umeondoka, jina limebaki. Darasa na liulizwe ilikuwaje.