Nyiragongo: Kwa nini ardhi ilitikisika baada ya mlipuko, si kabla?

Jioni ya Mei 22, 2021, wakazi wa Goma, mashariki mwa DR Congo, waliona anga juu ya mlima Nyiragongo limekuwa jekundu. Hakuna agizo la kuhama lililokuwa limetolewa. Watu walibeba watoto na magodoro, wengine wakakimbilia mpaka wa Rwanda, wengine wakashika barabara ya Sake.

Lava ilitiririka kwa takriban saa sita, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Watu wapatao 30 walifariki.

Ilipotulia, ndipo ardhi ikaanza kutikisika kwelikweli.

Kwa kawaida inakuwaje?

Magma ikipanda hupasua miamba, na kila mpasuko ni tetemeko dogo. Wataalamu huangalia idadi ya mitetemo, mahali ilipo na kina chake. Ikizidi kusogea juu huku mlima ukivimba, hiyo ni dalili mbaya.

Njia hii imeokoa watu. Novemba 10, 2023, mji wa Grindavík nchini Iceland ulihamishwa baada ya matetemeko mfululizo. Mlipuko ulikuja Desemba 18.

Tanzania nayo ina mfano. Julai 2007 ardhi ilitikisika karibu na Ziwa Natron, tetemeko moja likafika ukubwa wa 5.9. Septemba, Ol Doinyo Lengai ikalipuka.

Goma ilikuwa na tofauti gani?

Nyiragongo ilikuwa na ziwa la lava ndani ya kreta yake. Maana yake magma ilikuwa tayari iko juu, haikuhitaji kupasua njia kutoka chini.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature unasema kilichotokea, kwa uwezekano mkubwa, ni ubavu wa mlima kupasuka. Ni kama pipa lililojaa maji: huhitaji kuongeza tone, likitoboka pembeni tu, linamwaga.

Baada ya hapo magma ikakimbia chini kwa chini kuelekea kusini, umbali wa kilomita 25, ikapita chini ya Goma, Gisenyi na Ziwa Kivu. Ilikuwa chini ya mita 500 kutoka juu ya ardhi. Ndiyo matetemeko yale yaliyopasua nyumba na barabara.

Mei 27 mamlaka ziliagiza sehemu kubwa ya mji ihame. Takriban watu 400,000 waliondoka. Hofu ilikuwa lava kutokea katikati ya mitaa, au gesi nyingi iliyomo Ziwa Kivu kufumuka. Bahati nzuri, hakuna kilichotokea.

Je, tatizo lilikuwa pesa?

Kwa sehemu. Mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia uliisha mwaka 2020, na Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma (OVG) kikakaa miezi kadhaa bila intaneti ya kupokea data kutoka vituo vya mbali.

Lakini watafiti wanasema hakukuwa na dalili za wazi kabla ya mlipuko. Hata vifaa vyote vingekuwa vinafanya kazi, huenda onyo lingekuja muda mfupi mno.

Sasa ifanyike nini?

Kwa mlima wa aina hii, kuhesabu mitetemo peke yake hakutoshi. Kina cha ziwa la lava, gesi na nyufa za ubavuni navyo vinahitaji jicho la kila siku.

La pili ni mpango wa kuhama unaoweza kuanza mara moja, si wa kusubiri siku kadhaa za tahadhari: barabara zipi, nani anatangaza, wagonjwa wanabebwa na nani. Hilo limekuwa gumu zaidi tangu waasi wa M23 walipoutwaa mji Januari 2025.

Nyiragongo imemwaga lava kuelekea Goma mwaka 1977, 2002 na 2021. Ardhi ikitikisika, watu wa Goma wana haki ya kuogopa. Ikitulia, wasidhani mlima umelala.