Kamanda Wako Anakula Nini?

Nimechoka, jamani. Juzi kikundi chetu cha waandishi chipukizi kilisoma hadithi sita za ukombozi wa Msumbiji, na zote sita zilikuwa na kamanda yule yule: kombati, bastola kiunoni, hotuba ndefu. Ya sita niliiandika mimi. Wanakijiji? Walipiga makofi, basi.

Hebu tuambizane ukweli. FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1962, vita vikaanza Cabo Delgado tarehe 25 Septemba 1964, na wapiganaji wake wengi wakafunzwa Nachingwea. Hayo tunayaimba. Lakini mpiganaji akishavuka Ruvuma, alikula nini? Nani alimwonyesha njia? Akiondoka, kijiji kililindwa na nani? Na milisia: mkulima wa hapo hapo, jembe mkono huu, bunduki kuukuu mkono ule. Alilinda mihogo, akachunguza nyendo za Wareno. Na mizigo ya risasi na dawa ilisafiri porini vichwani mwa wanakijiji, akina mama wakiwemo.

Mshikaji mmoja akanijibu, "Mgambo si jeshi bwana, hadithi inataka shujaa." Eti! Basi na tumtazame Mreno. Mwaka 1970 Jenerali Kaúlza de Arriaga alimwaga maelfu ya askari kaskazini, akateka kambi kubwa za FRELIMO. Vita vikaisha? Wapi! Viliendelea hadi 1974. Tena Wareno hawakuishia kusaka makamanda. Waliwaswaga wanakijiji kwa malaki, wakawakusanya katika vijiji vya kulindwa, aldeamentos, ili wapiganaji wakose chakula na habari. Adui alijua vita vimeshikwa na mikono ya nani. Sisi waandishi ndio hatujui, au tunajifanya hatujui.

Sisemi milisia angeshinda peke yake. Bunduki yake kuukuu isingefukuza ndege. Nasema jeshi nalo lisingedumu msituni bila yeye. Anayemfuta katika hadithi anawafundisha vijana kwamba nchi hukombolewa na wakubwa, sisi wengine kazi yetu ni makofi. Uongo huo una faida kwa wakubwa, si kwetu.

Hadithi yangu nimeichana. Naanza upya, na mama mmoja shambani, anasikiliza mlio wa ndege.

Wewe je, mwandishi mwenzangu? Kamanda wako anakula nini usiku wa leo?