Tuulize Kuhusu Siri Kabla ya Kufungua Moyo

Tunapomwendea mwanasaikolojia mpya, wengi wetu tunatarajia jambo kama kitubio: kusema, kusamehewa, kuondoka wepesi. Sivyo. Siku ya kwanza atauliza mengi: usingizi, familia, kilichotuleta. Hata aliyewahi kuhudumiwa na mwingine atasimulia upya. Nafuu huja polepole.

Kwa frateri lipo swali zito zaidi: je, gombera ataambiwa? Tuliulize mapema. Kanuni ya 220 inalinda faragha ya kila mtu, na mwongozo wa Vatikano wa mwaka 2008 kuhusu saikolojia katika malezi unataka ridhaa huru ya mlelewa. Lakini siri hii si ile ya kitubio. Maisha yakiwa hatarini, mtaalamu anaweza kulazimika kusema. Tukiijua mipaka hiyo, tutasema kweli. Mficha maradhi, kifo humuumbua.